Sahani ya Mti

Jumamosi moja ya joto, hapa kwetu Blacktown, mume wangu alikuwa gereji akikata mbao za msonobari za kutengenezea rafu ya vitabu vya watoto. Mimi nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Upepo ukaniletea dirishani harufu ya mbao zile, ile harufu kali kidogo ya utomvu uliopashwa na jua, ikachanganyika na ya vitunguu vyangu, nami nikasimama na kisu mkononi. Mwanangu mkubwa akaniuliza, "Mum, are you crying?" Nikamwambia ni vitunguu. Si kweli, au tuseme si kweli yote. Nilikuwa nimerudi Guildford, nina miaka tisa, nimevaa gauni la njano la sikukuu linalonibana makwapani, na mama yangu yuko mbele yangu kabeba sinia la pilau kichwani, katikati ya Sydney, mchana kweupe.

Wacha niwasimulie ninyi, maana watoto wangu nikiwasimulia huishia kucheka hapo kwenye sinia, na yaliyobaki hawayasikii tena.

Tulitoka Tanga nikiwa na miaka saba. Baba alikuwa fundi umeme, akapata kazi kwenye njia za treni huku, nasi tukamfuata. Tulipanga nyumba ndogo ya mbao Guildford, yenye uani mkubwa kuliko nyumba yenyewe na kamba ya kuanikia nguo inayozunguka kama mwavuli. Mimi niliipenda ile kamba siku ya kwanza. Mama hakuona cha kupenda. Alizunguka vyumba vyote, akafungua madirisha, akasikiliza, kisha akauliza, "Watu wako wapi?"

Ni swali la mtu wa Ngamiani. Huko mtaani kwetu Tanga mlango ulikuwa unafungwa watu wakienda kulala tu. Ikifika Krismasi, Mama alikuwa anapika pilau la sufuria kubwa, na kabla sisi hatujaonja, sahani zilikuwa zimeshaanza safari. Ya kwanza ilikwenda kwa Bi Mwanaidi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Idi ikifika, za kwake zilikuja kwetu. Na sahani ikishakwenda kwa mtu, haikuwa inarudi tupu. Ilirudi na vileja, au mayai mawili matatu, au sukari iliyofungwa kwenye karatasi, na mtu akiwa hana kitu kabisa aliweka hata pilipili za bustanini. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba, kwa hiyo naweza kuwaambia kwamba njia ya kurudi ilikuwa tamu zaidi, maana vileja vilikuwa vinapungua kidogo hapo njiani.

Krismasi yetu ya kwanza Guildford Mama akafanya vilevile. Hakumuuliza mtu. Alipika, akajaza sahani mbili, akazifunika, tukatoka. Nyumba ya kushoto ilikuwa na kijana mmoja aliyefungua mlango akiwa na vidude vya muziki masikioni. Akaitazama sahani, akamtazama Mama, akasema samahani, hajaagiza chakula. Akafunga mlango kwa upole. Baba alipohadithiwa alicheka mpaka akakaa chini, na hata Mama mdomo ulimcheza kidogo.

Nyumba ya kulia alikuwa anaishi Bi Doreen. Alikuwa mzungu mzee, mjane, anakaa peke yake na redio yake ya kriketi. Huku kila mtu humwita mwenzake jina tupu, hata mtoto kwa mzee, lakini Mama hakutaka kusikia habari hiyo. Kwa hiyo mimi nilikuwa namwita Bi Doreen hata katikati ya Kiingereza, naye aliitikia bila kuuliza. Siku ile aliipokea sahani kwa mikono miwili, akasema asante nyingi, uso umemwiva, akafunga mlango. Tukarudi nyumbani Mama akiwa na furaha. Alisema, "Umeona? Huyu ni mtu."

Baada ya siku mbili tuliikuta sahani kizingitini kwetu. Ilikuwa imeoshwa inang'aa, kavu, na juu yake kadi ndogo yenye maua imeandikwa asante. Hakukuwa na kitu kingine. Mama aliigeuza akaangalia chini yake, utadhani kuna kitu kimeng'ang'ania huko.

"Kashanijibu," alisema.

Baba akajaribu kumtetea yule mama. "Labda huku ndivyo wanavyofanya, Mama Salome."

"Hata limau moja? Mlimau uko pale uani kwake unamwaga matunda chini, nauona kila siku nikianika nguo. Hata limau, baba?"

Sufuria kubwa ikapelekwa gereji. Kuanzia siku hiyo Mama alimsalimia Bi Doreen kwa "hello" ya kupita, bila kusimama. Jumapili tukienda kanisani Blacktown, kwenye ibada ya Kiswahili, alikuwa anaimba na kucheka na wenzake, Wakenya, Wakongo, wote, lakini tukishapanda gari kurudi Guildford alikuwa ananyamaza taratibu, na tukifika mlangoni ameshanyamaza kabisa. Mwaka uliofuata akakata shauri. Mkataba wa Baba ulikuwa unaisha katikati ya mwaka wa mbele yake. Baba angeweza kuuongeza akitaka, ila yeye Mama na mimi tungerudi Tanga. Alianza hata kuweka nguo zangu za baridi kando, za kuwagawia watoto wa kanisani.

Mimi nilitaka kubaki. Nilikuwa na shule yangu, nilikuwa na rafiki wa Kilebanoni ambaye mama yake alikuwa akitupa mikate ya moto, na Kiingereza kilikuwa kimenikolea kiasi kwamba Mama akiniuliza kwa Kiswahili, ninamjibu kwa Kiingereza bila kujua. Lakini nilimtaka pia mama yangu wa Tanga, yule aliyekuwa anacheka mpaka anajifuta machozi kwa pindo la kanga. Ilionekana siwezi kuwapata wote wawili, na nilikuwa nalia peke yangu bafuni kwa sababu hiyo.

Ndipo Desemba ya pili ikaja habari ya mti.

Mwalimu wetu alitueleza kwamba eneo letu lilikuwa na urafiki na mji mmoja wa Ufini, mbali kabisa kaskazini ya dunia, wenye jina ambalo mwalimu mwenyewe alilijaribu mara mbili akaacha. Mji ule ulikuwa unatuletea mti wa Krismasi kama zawadi ya urafiki, usimamishwe hadharani kwenye nyasi mbele ya maktaba. Lakini wale watu wa karantini wa Australia, ambao sisi tulikuwa tunawafahamu kwa sababu walitunyang'anya dagaa wetu uwanja wa ndege, wasingekubali mti wenye magome na majani uingie. Basi watu wa Ufini wakakaa wakafikiri. Wakachukua mbao za msonobari, wakazipiga dawa inayotakiwa, wakachonga mti wa vibao, wakaufungua vipandevipande na kuutia kwenye kontena. Na fundi wao mkuu akapanda ndege kuja kuusimamisha.

Tuliuona Ijumaa, mimi na Mama, tukienda kurudisha vitabu. Ulikuwa umefika usawa wa paa la maktaba. Vibao vilipangwa kwa mzunguko, virefu chini, vifupi juu, na jua la Desemba lilikuwa linavipasha mpaka vinatoa ile harufu. Sikuwahi kunusa kitu kama kile. Juu ya ngazi alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe, pua imeungua kwa jua letu. Alipotuona tunashangaa alishuka, akatushika mikono, akatuambia kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba anaitwa Eero, na kwamba kila kibao kimepigwa randa na mtu tofauti wa mji wake. Hiki mwalimu. Hiki mwoka mikate. Hiki mtoto, unaona hakikunyooka.

Mama alikisoma kibao cha maelezo mara mbili. Kiliandikwa kwamba ni zawadi kutoka kwa watu wa mji ule kwenda kwa watu wa Guildford.

"Na sisi tumewapa nini?" akaniuliza.

"I don't know, Mum. It's a present."

"Najua ni zawadi. Ndiyo maana nauliza."

Akaingia maktaba, mimi nyuma yake, nikiwa nimeshaanza kuona haya. Pale mapokezi palikuwa na dada mmoja kijana, mpole, akatueleza kwamba kesho jioni taa za mti zitawashwa, kutakuwa na hotuba, na fundi atakabidhiwa cheti cha shukrani.

"Cheti," Mama akasema. "Cheti na nini?"

Yule dada akafikiri. "Kitakuwa kwenye fremu," akasema.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama alikuwa anasema peke yake, "Kwenye fremu. Haya." Baba alipoingia, hata viatu hajavua, akakutana nalo mlangoni.

"Baba Salome, yule mzee kavuka dunia nzima na mti, mji wao wote umeshika randa, halafu wanampa karatasi!"

"Mke wangu, hayo si mambo ya council?"

"Council ndio nani? Wameandika pale, to the people of Guildford. Mimi naishi wapi? Ninyamaze, mgeni aondoke mikono mitupu, akasimulie kwao kwamba watu wa Guildford hawana adabu? Hiyo aibu si ya council, ni yetu sote."

Baba alimtazama kwa muda. Mimi sikuona la ajabu katika maneno yale, niliona Mama amekasirika tu. Baba aligeuka. Alirudi nje na viatu vyake, akaenda gereji, akaja na ile sufuria kubwa imejaa utando wa buibui, akaanza kuiosha mwenyewe. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba alikuwa anaogopa hata kupumua, asije akaliharibu lile "yetu sote".

Jumamosi Baba alikuwa kazini, maana njia za treni huku hutengenezwa mwisho wa wiki. Mama akapika tangu asubuhi. Alikaanga vitunguu mpaka vikawa vyeusi vyeusi kama anavyotaka, akatia nyama, viazi, bizari aliyoisaga mwenyewe, na mtaa mzima ukanuka Ngamiani. Akapakua kwenye sinia, akalifunga kwa kanga mpya, na kachumbari pembeni kwenye bakuli. Hakuwa anajua kuendesha gari. Nikamuuliza tutafikaje.

"Kwani miguu imekwenda wapi?"

Akazungusha taulo, akaliweka kichwani, akanyanyua sinia akalitua juu yake, tukatoka. Wenzangu, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa namwomba Mungu rafiki zangu wote wawe wamekwenda kuogelea. Nyenze walikuwa wanapiga kelele mitini, lami inawaka, na Mama anatembea taratibu kabisa kama yuko barabara ya kwao.

Hatukufika mbali. Bi Doreen alikuwa mbele ya nyumba yake, kofia kichwani, anamwagilia maua kwa mpira. Alituona, maji yakaendelea kumwagika kwenye viatu vyake.

"Jamani, mnakwenda wapi na jua lote hili?"

"Maktaba," Mama akasema, bila kusimama.

"Mtaungua. Ingieni kwenye gari langu. Tena sitaki kubishana."

Ungekuwa mwaliko wa mtu wa rika lake, Mama angekataa. Lakini mzee akikuamuru, unakataaje? Akakaa kiti cha nyuma na sinia mapajani, ameshupaza shingo. Mimi nikakaa mbele. Gari lilikuwa dogo, linanuka peremende, na sasa pilau likaijaza hewa yote. Bi Doreen akaniuliza kama huyo tunayempelekea chakula ni ndugu yetu.

"Hapana," nikamwambia. "Ni fundi aliyeleta mti. Mama anasema mtu akikupa kitu, huwezi kumrudishia sahani tupu."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na miaka tisa, na swali nililijua jibu lake. "Kwa sababu ni kama unamwambia basi, sikutaki, usije tena kwangu."

Mkono ukatoka nyuma ukanifinya bega. "Salome, hebu nyamaza," Mama akasema kwa Kiswahili.

Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu. Ikawa ya kijani. Bi Doreen hakuondoka. Gari la nyuma likapiga honi, likapiga tena, naye ameshika usukani anatazama mbele, wekundu unampanda kuanzia shingoni mpaka masikioni.

"Nami niliiosha," akasema polepole. "Niliiosha vizuri kabisa."

Nilidhani mzee wa watu amepatwa na jua. Nikageuka kumtazama Mama, nikamkuta ameinamisha macho kwenye kanga iliyofunika sinia, mdomo uko wazi kidogo. Bi Doreen akatia gia.

Kwenye nyasi za maktaba watu walikuwa wameshajaa, watoto wa shule na kwaya, viti vya wakubwa mbele, na mti unanukia jua. Tulipokaribia, kijana mmoja mwenye kizibao cha njano cha usalama akatuzuia. Alikuwa na adabu. Akasema samahani, chakula hakiruhusiwi bila kibali, ndiyo sheria ya hafla za hadharani.

Mama hakubishana. Hilo ndilo lililoniumiza. Ningemwelewa kama angepandisha sauti kama jana jikoni. Uso ulimshuka tu, akasema, "Okay. Sorry," akageuka na sinia lake. Nikamwona jinsi anavyogeuka, nikajua kama ninavyolijua jina langu kwamba akifika nyumbani na lile sinia limejaa, habari ya Guildford imekwisha, na nguo zangu za baridi zitagawiwa zote.

"Ngoja kwanza," Bi Doreen akasema.

Kumbukeni huyu ni mtu ambaye kwa karibu miaka miwili sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya habari za hali ya hewa. Alisimama mbele ya yule kijana, mkoba wake kaushika kwa mikono miwili.

"Huyu mama hauzi kitu wala hagawi chakula kwa watu. Anarudisha sahani."

"Sahani gani?"

"Sahani ya mti," akasema Bi Doreen, kana kwamba hakuna asiyeijua. "Nasi tunachelewa, chakula kinapoa."

Kijana akatazama sinia, akamtazama bibi, akatafuta kwa macho mkubwa wake wa kumuuliza. Lakini harufu ilikuwa imeshatangulia. Mzee Eero alikuwa anakuja mwenyewe, amevaa koti la sherehe kwenye joto lile, anafuata pua yake iliyoungua. Mama akanisukuma mgongoni, nikapiga shikamoo kwa aibu, naye akaipokea kwa kunishika mkono.

Mama akamfunulia sinia. Eero akauliza kutoka kwa nani.

Mama akameza mate. Akamtazama Bi Doreen kwa jicho la pembeni, kisha akanyoosha mgongo. "From Guildford," akasema. "From all of us."

Yule mzee alikula amesimama, kisha akakaa chini ya mti wake akala ameketi. Akamwita mwenzake aliyesafiri naye kutoka kwao, akala naye. Bi Doreen akapewa kijiko, na mimi nikapewa. Kijana wa kizibao cha njano alijifanya hamnazo kwa muda, halafu naye akasogea kuhakikisha usalama wa kiazi kimoja. Hotuba zikachelewa kuanza. Cheti kikatolewa, na kweli kilikuwa kwenye fremu. Kisha tukahesabu kwa sauti, taa zikawashwa, na hakuna aliyeziona, kwa sababu Sydney mwezi wa Desemba saa kumi na mbili jioni jua bado kali. Ikabidi tuambiwe kwamba zimeshawaka. Tukapiga makofi kwa imani.

Baadaye Eero akaenda bombani, akaliosha sinia kwa mkono wake, akalipangusa kwa leso, akawa anamletea Mama. Lilikuwa tupu, linameta. Nilimwona Bi Doreen akikurupuka kitini upesi kuliko umri wake, akamkatiza njia, akamvuta pembeni. Sijui alimwambia nini. Nilichoona ni mzee wa Ufini akisikiliza kwa makini, anatikisa kichwa, anajipapasa mifukoni kwa wasiwasi, kisha anakimbilia kwenye begi lake la zana. Alirudi na paketi ya kahawa ya kwao, aliyokuja nayo kwa kutokuiamini kahawa ya watu wengine, ameiweka katikati ya sinia. Nyuma yake Bi Doreen, ameridhika kama msimamizi wa mtihani.

Na Mama akacheka. Alianza kidogo, akajizuia, ikamshinda. Alicheka mpaka akatafuta pindo la kanga ajifute macho, na kanga yenyewe ilikuwa imelowa mafuta ya pilau, akajifuta nayo hivyohivyo.

Asubuhi ya Krismasi mlango wetu uligongwa. Bi Doreen alikuwa amevaa gauni la buluu na lipstiki, kashika sahani yenye keki ya matunda, na kuizunguka keki amepanga malimau.

"Hii ni ya mwaka jana," akasema.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Nilimwona anataka kusema kitu kwa Kiingereza, kikamkataa, akatumia alichokuwa nacho. "Karibu ndani," akasema, akafungua mlango wote. Bi Doreen akaingia. Keki ilikuwa kavu, Mungu amrehemu. Baba alikunywa vikombe vingi vya chai ya rangi kuisindikiza. Mama alikula vipande viwili na akataka cha tatu.

Tangu siku hiyo zile sahani hazikupumzika. Ilifika mahali zikachanganyika kabisa, za maua ya kwao kabatini kwetu na zetu kabatini kwake, na hakuna aliyejali. Katikati ya mwaka Baba aliongeza mkataba. Hapakuwa na kikao wala tangazo. Siku moja nilimsikia tu Mama akiongea kwa simu na dada yake wa Tanga, akimwambia asubiri kidogo, jirani yangu anagonga.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Bi Doreen alikosea mwaka ule wa kwanza, na kwamba siku ya mti alijirekebisha. Ni yeye aliyenitoa kwenye kosa hilo. Nilikuwa nasoma chuo Kensington, hapahapa Sydney, naye alikuwa amezeeka sana, na mimi nilimpitia na sahani kama kawaida. Akaniambia kwamba sahani ya kwanza ya Mama ilikuwa chakula cha kwanza kuletewa na mtu tangu wiki ya mazishi ya mumewe. Alikula nusu, nusu akaiweka ili na kesho awe nayo. Kwao alifundishwa kwamba chombo cha mtu hukirudisha upesi, kisafi, usimpe mwenyewe taabu ya kuja kukiulizia, na usimfanye aone kwamba anatakiwa kukupa tena. Alipokuja kuiacha alisikia tunavyozungumza ndani, akaona haya kugonga. Akarudi kwake akakaa karibu na dirisha, akingoja kama Mama atatoka. Mama naye alikuwa amekaa ndani na ile sahani mapajani, akingoja kama kuna kitu kinafuata.

Hakuna aliyekuwa amekosa adabu. Kila mmoja alimpa mwenzake adabu yake yote, nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, na karibu zitutoe nchini. Mimi nilikuwepo, tena ndiye niliyesema lile neno garini, na sikuelewa chochote. Nilidhani naeleza habari za vyombo.

Mama yangu mpaka leo yuko Guildford. Bi Doreen tulimzika sisi pamoja na binti yake aliyetoka Perth. Ule mti uliondolewa baada ya sikukuu, na sijui vile vibao viliishia wapi. Ufini sijafika, na lile jina la mji bado siwezi kulitamka. Lakini huwa nawafikiria watu wake, mwalimu na mwoka mikate na yule mtoto ambaye kibao chake hakikunyooka, wamesimama kwenye baridi yao na randa mikononi, wanatengeneza zawadi ya watu wasiowajua. Pengine wanadhani ilitufurahisha kwa mwezi mmoja ikaisha. Hawajui kwamba kati ya watu wa Guildford alikuwepo mwanamke mmoja wa Tanga aliyeshaanza kufunga mizigo, na kwamba aliposoma kile kibao aliona na yeye kaandikwa.

Hakuondoka. Asanteni sana, watu wa Ufini.